Mkufu wa Dhahabu Nyumbani: Kuusafisha, Kuupima na Kuujua

 

Ndugu zetu, kila inapokaribia Ramadhani maswali tunayoletewa baada ya darsa hubadilika. Miezi mingine kina mama hutuuliza maendeleo ya watoto na hifdhi yao. Ikikaribia Ramadhani huuliza habari za dhahabu. Mkufu wangu unatolewa zaka au hautolewi? Una gramu ngapi? Nitajuaje kama ni dhahabu kweli? Na wapo ambao hawaulizi kitu, hufungua mkoba tu, wakatoa kitambaa kilichopigwa fundo na kusema, "Ustadhi, hebu utazame wewe."

Sisi si masonara, na hatudai usonara. Tumefundisha madrasa hapa Kampala kwa zaidi ya miaka ishirini na elimu yetu ni ya vitabu vya fiqhi. Lakini vitabu hivyo hivyo ndivyo vilivyotufikisha kwenye mizani, maana anayeuliza zaka ya dhahabu hawezi kujibiwa mpaka yajulikane mambo mawili: uzito wake, na ni kiasi gani ndani yake kilicho dhahabu. Nisabu ni mithqali 20, ambazo wengi katika wanazuoni wa zama zetu wamezikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu safi, na kinachotolewa ni fungu moja katika arobaini. Sasa chukueni mfano wa dada wawili, kila mmoja ana gramu 100 alizoziweka akiba. Dhahabu ya wa kwanza ni ya karati 21, kwa hiyo ndani yake mna gramu 87.5 za dhahabu safi, na nisabu imetimia. Ya wa pili ni ya karati 18, mna gramu 75, na kwa dhahabu hiyo peke yake haijatimia. Ukiishika mikufu yao miwili dirishani huwezi kuitofautisha kwa macho.

(Tumesema "akiba" kwa makusudi. Dhahabu anayovaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida haina zaka kwa kauli yenye nguvu katika madh-hab ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Uganda. Mahanafi wao wanaitolea. Anayetoa kwa kujihadhari amefanya jema, na hatumzuii.)

Kuna hadithi inayohusu mkufu hasa, nayo iko katika Sahihi Muslim. Sahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua siku ya Khaybar mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (S.A.W.), naye akakataza mkufu wa namna hiyo kuuzwa mpaka dhahabu itenganishwe na vinginevyo. Wanafunzi wetu huisoma hadithi hii katika mlango wa riba, wakahifadhi hukumu yake na kupita. Sisi hupenda kukaa nayo kidogo. Tazameni nani aliyekula hasara pale: ni muuzaji, aliyetoa kitu bila kujua alichonacho. Katika mji wetu huyo asiyejua mara nyingi ni mama, na mkufu ni wa mahari yake, au wa urithi, au ameletewa na mwanawe.

Na hasara ya leo si ndogo. Mwaka 2005 aunsi moja ya dhahabu ilikuwa haijafika dola 550 katika soko la dunia. Mwezi Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Mkufu ambao bibi aliufunga kwenye leso akausahau sandukuni leo unaweza kulipa karo ya miaka. Tena tunaishi katika mji ambao habari za wageni kuuziwa vyuma vilivyopakwa rangi wakidhani ni dhahabu zimeandikwa magazetini mpaka zimezoeleka. Wageni hao wana mawakili na balozi zao. Mama wa Kawempe ana kitambaa chake na fundo lake.

Tuanze na usafi, kwa sababu mkufu mchafu haupimiki sawasawa. Jasho, mafuta ya nywele, uturi na poda hujikusanya katikati ya pingu za mkufu mpaka ukafifia, na mwenyewe akadhani dhahabu imechuja. Chukua bakuli, tia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, laza mkufu humo kwa robo saa. Kisha usugue polepole kwa mswaki laini wa mtoto, hasa kwenye pingu na kwenye kifungio. Suuza katika bakuli la pili lenye maji safi. Usisuuzie kwenye sinki wala chini ya bomba, maana kipande kikikatika kimekwenda na maji. Ukaushe kwa kitambaa cha pamba, uuache saa moja kabla ya kuufunga. Basi, hakuna zaidi ya hayo. Mkufu wenye lulu au mawe yaliyogandishwa kwa gundi usiulowanishe kabisa, upanguse kwa kitambaa chenye unyevu.

Mama yetu alikuwa akisugua sinia za shaba kwa majivu na ndimu, zikang'aa kama jua, lakini dhahabu yake hakuigusisha majivu hata siku moja. Alikuwa sahihi. Dhahabu ni laini, na majivu, mchanga na hata dawa ya meno huikwangua. Ukikwangua mara moja kwa wiki kwa miaka kumi umeyasugua mali yako ukayamwaga. Baya zaidi ni Jik. Klorini haiidhuru sana dhahabu safi, lakini hushambulia shaba na madini mengine yaliyochanganywa nayo, na mkufu wa karati za chini ukaingia nyufa na kukatika. Anayefua kwa Jik avue mkufu kwanza, na pete pia.

Na akija mtu mlangoni na chupa zake, akasema anasafisha dhahabu kwa bei ndogo, mwambieni ahsante na mfunge mlango. Utapeli huu ni mkongwe, nchini India unajulikana sana. Mtu huchovya mkufu katika mchanganyiko wa asidi mbili, ya nitriki na ya hidrokloriki, unaoyeyusha dhahabu yenyewe. Mkufu hutoka unang'aa na mwenyewe akafurahi. Gramu zake zimebaki ndani ya chupa, na mwenye chupa anajua namna ya kuzitoa baadaye.

Sasa kuujua. Kwanza tafuta muhuri, aghalabu uko kwenye kifungio au kibati kidogo kando yake. Kioo cha kukuzia kitasaidia. Namba 999 ni karati 24, 916 ni 22, 875 ni 21, 750 ni 18, 585 ni 14, na 375 ni karati 9. Ukiona 925 hiyo ni fedha, hata kama juu ni ya manjano. Herufi GP, GEP au GF maana yake ni dhahabu ya kupakwa au ya kufunikia, ndani ni kitu kingine. Vito vipya vya India, ambako muhuri umekuwa wa lazima tangu Juni 2021, huwa na alama ya herufi na tarakimu sita inayoweza kuhakikiwa. Lakini muhuri ni maandishi, na mwenye kughushi mkufu hashindwi kughushi namba tatu. Kwa hiyo muhuri tunauchukua kama dai la mdai, bado twahitaji ushahidi.

Watu wengi hukimbilia sumaku. Sumaku ina faida ndogo: ikivuta pingu za mkufu, ndani mna chuma, na kesi imekwisha. Isipovuta hujajua kitu, kwa sababu shaba, fedha na risasi nazo hazivutwi. Na msiogope ikivuta kifungio peke yake. Springi iliyomo aghalabu ni ya chuma hata katika mkufu wa halali. Kuuma kwa meno kunaharibu meno na mkufu. Siki nayo haitofautishi karati 18 na 21, na hilo ndilo swali gumu zaidi.

Njia tunayoipenda sisi ni ya maji, na tunaipenda kwa sababu pia ni urithi wetu. Arkimidi wa Ugiriki ndiye aliyetangulia katika hesabu yake, kisha al-Biruni akapima uzito wa madini na vito kwa usahihi wa kushangaza, na Abdurrahman al-Khazini akaandika kitabu kizima juu ya mizani, Kitab Mizan al-Hikma, mwaka 515 Hijria, yaani 1121. Kazi mojawapo ya mizani yake ilikuwa hii hii, kumtenga mwenye dhahabu safi na mwenye dhahabu ya kuchanganya. Leo inatosha mizani ndogo ya mfukoni inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ile ya jikoni ya kupimia unga haifai.

Pima mkufu mkavu, andika uzito. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga mkufu kwa uzi mwembamba, uuzamishe wote majini huku umeushika kwa juu, usiguse chini wala ubavu wa gilasi. Utikise kidogo mapovu yatoke. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa ule uzito wa kwanza kwa namba hii. Dhahabu safi itakupa 19.3. Karati 22 hukaribia 17.8, karati 21 hukaribia 17, karati 18 huwa kati ya 15 na 16. Fedha ni 10.5. Shaba ya manjano haifiki 9. Mkufu wenye mawe, au ulio mtupu ndani kama bomba, hautapimika kwa njia hii. Ipo pia tangsteni, ambayo uzito wake unakaribiana mno na wa dhahabu, lakini ni ngumu kufinyangwa, na hufichwa zaidi ndani ya vipande vizito kuliko katika mikufu.

Mwaka jana alitujia mama mmoja ambaye watoto wake wawili wamepita mikononi mwetu. Binti yake mkubwa alifanya kazi za nyumbani Muscat miaka miwili. Fedha taslimu zikitumwa nyumbani huliwa na kila jamaa mwenye shida, na shida haziishi, kwa hiyo binti akanunua mkufu wa karati 21 na kuuleta mwenyewe alipokuja likizo. Akamwachia mama kama amana, auuze siku kitakapopatikana kiwanja. Kiwanja kikapatikana. Mama akaupeleka katika duka moja la mjini, hatulitaji. Muuzaji akaingia nao nyuma, akarudi, akasema ni karati 18 na muhuri wake ni wa uongo.

Kilichomuumiza haikuwa bei, ingawa bei nayo ilikuwa kubwa. Alikuwa akijiuliza atamwambia nini mwanawe. Akimwambia mkufu ni wa 18, ama binti ataona alidhulumiwa Muscat, miaka miwili ya kuamka alfajiri katika nyumba ya watu, ama atadhani mama ameuza kwa bei moja na kutaja nyingine. "Ustadhi," alisema, "amana hii imenikaa kooni."

Tukamwambia, "Hajjati, keti." Tukausafisha kwanza, tukaupima mbele yake na mbele ya mama watoto, yeye mwenyewe akisoma namba. Ukavu: gramu 24.60. Majini: 1.46. Jibu ni 16.85. Tukarudia mara tatu, likatofautiana kidogo tu. Ungekuwa wa karati 18 maji yangesoma kama 1.60, na ungekuwa wa shaba yangekaribia 2.90. Tofauti kati ya 21 na 18 katika mkufu ule ni gramu tatu za dhahabu safi na ushei. Kama yule muuzaji alikosea au alikusudia, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Kipimo chetu si hukumu, na tulimwambia hivyo: sonara mwenye jiwe la kusugulia na asidi anaona zaidi yetu, na mashine ya eksirei inaona zaidi pia, ijapokuwa inasoma ngozi ya juu tu na upako mnene unaweza kuidanganya. Tulimshauri aende kwa masonara wawili wengine, asiwaambie wa kwanza alisema nini, na mkufu usitoke mbele ya macho yake. Wote wawili walisema 21.

Wa mwisho alimpa pendekezo: amwachie mkufu huu, achukue mwingine mpya wa gramu chache, na nyongeza apewe kwa fedha. Akatupigia simu akiwa dukani, na tukashukuru kwamba alipiga. Dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila uzito kwa uzito na mkono kwa mkono, na kuweka fedha upande mmoja kufidia tofauti ndiko kulikokatazwa. Auze kwanza, fedha aipokee mkononi na kuihesabu, biashara hiyo iishe. Kisha akitaka mwingine anunue, hapo au duka la jirani. Aliuza kwa shilingi, akaandikiwa risiti yenye gramu na karati, akampigia binti picha ya risiti kabla hajapanda bodaboda.

Mizani yetu ipo madrasa. Kina mama wanaotaka kuitumia kabla ya Ramadhani waje Jumamosi baada ya Adhuhuri, mama watoto atakuwepo. Maji na gilasi tunavyo, uzi mje nao, na kila mmoja asome namba zake mwenyewe.

Wallaahu aalam.