Jani la Mpakani

Wajukuu zangu, nanyi vijana wote wa usharika wetu,

Mkono unatetemeka siku hizi, kwa hiyo mnivumilie mwandiko. Mali yangu mnaijua: kihamba, migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Hayo baba zenu wameshakubaliana namna ya kugawana. Ninalowaachia hapa haligawanyiki. Nililifundishwa nikiwa mtoto wa kipaimara, nikalielewa nikiwa na mvi: kwamba Mkristo anadaiwa kumpenda adui yake.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera, niliitwa pamoja na wenzangu wa mgambo. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshavunjwa. Tulipovuka mto tulikuta nyumba zimechomwa, mifugo imeswagwa, na mengine ambayo sitayaandika. Kampala ilipotekwa Aprili 1979, nilirudi Kilimanjaro na chuki niliyoiita uzalendo.

Baadaye mchungaji akatusimulia habari za Festo Kivengere, askofu wa Kianglikana wa Kigezi, Uganda, ambaye ujanani aliwahi kufundisha Dodoma. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walikimbia usiku, kwa miguu, wakipita milimani hadi Rwanda. Mwaka uleule akatoa kitabu kinachosema, tangu jina lake, kwamba anampenda Idi Amin. Alisimulia kwamba Ijumaa Kuu ilimkuta kanisani London, uchungu umemjaa, akajiuliza: kama Amin angekuwa mmoja wa askari waliopigilia misumari, je, Yesu angewaombea wote msamaha akamruka huyo mmoja?

Siku hiyo nilitoka ibadani nimenuna. Nikasema huyu askofu hakuona tuliyoyaona. Kumbe mwaka 1973 alikuwapo uwanjani Kabale watu watatu wa kwao walipopigwa risasi hadharani.

Hata hivyo, wajukuu zangu, Amin hakuwa mtihani wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipokuwa vitani, jirani yangu wa upande wa chini aling'oa masale ya mpakani akayapanda hatua tatu ndani ya kihamba changu. Nilirudi, nikashtaki barazani, nikashinda. Masale yakarudishwa mahali pake, lakini mimi na yeye hatukusemezana miaka kumi na mmoja. Jumapili alikaa benchi la mbele yangu. Nilijua kola za mashati yake yote. Nikaimba nikitazama kisogo chake, nikaomba Baba atusamehe kama tunavyosamehe, nikapokea Meza ya Bwana, nikarudi nyumbani kwa njia ya juu ili tusikutane.

Usiku mmoja wa masika mwanawe akaja na kandili, amelowa chapachapa. "Baba mdogo, ng'ombe wetu anazaa, ndama amekwama." Nitawaambia ukweli: furaha ilinipita moyoni. Kisha nikamwangalia yule mtoto anavyotetemeka, nikachukua sabuni na kamba. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja nyuma. Niliingiza mkono hadi juu ya kiwiko, nikautafuta ule mguu, nikaunyoosha, nikafunga kamba. Jirani akaweka taa chini, akashika kamba nyuma yangu. Tulivuta kila ng'ombe alipojikaza, tukapumzika kila alipopumzika. Ndama akatoka hai. Hatukusema neno. Akanimiminia maji ya kunawa, akaniangalia mikono, si uso.

Nikangoja alete sale. Mnajua mila yetu: mkosaji huja na jani la sale, na anayeletewa si rahisi akatae. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Hakuja. Ndipo nikajiuliza, yeye alikosa hatua tatu; mimi nimemwombea mabaya miaka kumi na mmoja, nani ana deni kubwa? Nikashuka mpakani, nikakata jani kutoka masale yaleyale tuliyogombania, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Karibu ndani."

Msidhani alibadilika akawa malaika. Aliendelea kuwa mkorofi na mbishi wa maji ya mfereji hadi alipokufa. Nami nilimpenda hivyohivyo, siku nyingine kwa kusaga meno.

Basi shikeni haya. Msingoje moyo ulainike ndipo mtende jema. Mimi mkono ulitangulia, moyo ukafuata kwa kuchechemea. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba adui akiwa na njaa alishwe, hakusema tumsubiri kwanza atupendeze. Mwombeeni kwa jina lake yule anayewakera, na mwombeeni mambo ambayo mngeyataka kwenu: watoto wazima, mvua, usingizi. Ni vigumu kumsengenya jioni mtu uliyemtaja asubuhi mbele za Mungu. Hili liwahusu hata wale mnaotukanana nao kwenye simu.

Lakini msichanganye upendo na ujinga. Sale nililopeleka halikuhamisha mpaka. Kivengere alimpenda Amin, na bado alikimbia, na aliendelea kuutaja uovu wake. Binti yangu, mume akikupiga, ondoka, nenda polisi, njoo nyumbani. Kumsamehe si kumrudishia fimbo. Kijana aliyedhulumiwa mshahara adai haki yake. Kinachokatazwa ni kumtakia mwenzako maangamizi, na kufurahi ndama wake anapokwama.

Mwenye adui asiseme hana kazi ya kufanya kanisani. Ameshapewa.

Siku mkinizika, msiyaondoe masale ya upande wa chini, hata kama mtajenga ukuta wa matofali. Yaacheni yaonyeshe kihamba chetu kinaishia wapi. Na mtakapokosana na wajukuu wa jirani yangu, maana mtakosana tu, asingojwe mtu. Atakayefika kwanza mpakani na akate jani.

Mungu awatunze.

Babu yenu