Desemba Mbele ya Runinga, Minnesota na Keumbu

Ikifika wiki ya mwisho ya Novemba, stesheni za runinga za Marekani huacha kutafuta mapya. Hufungua makabati na kutoa vichekesho vya miaka arobaini, hamsini, hata sitini iliyopita. Na si kipindi chochote tu. Ni kile cha sikukuu, maana kichekesho cha huku kisicho na kipindi cha Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, au cha Krismasi ni nadra. Watu wanavijua neno kwa neno. Wanajua nani ataunguza chakula na nani atabisha hodi dakika ya mwisho, na bado wanakaa kitako kuvitazama, wakianza kucheka kabla mzaha wenyewe haujafika.

Mwenzangu kazini, mzaliwa wa Minnesota, hawezi kuwasha jiko siku ya Thanksgiving kabla hajatazama kipindi cha WKRP in Cincinnati cha mwaka 1978. Meneja wa stesheni ya redio anapata wazo la kutangaza biashara: anawarusha bata mzinga wazima kutoka kwenye helikopta, wawaangukie wateja kama zawadi. Haikumjia akilini kuuliza kama bata mzinga wa kufugwa anaweza kuruka. Mimi niliyekulia mahali ambapo kila kuku anajulikana amewekewa mgeni gani, nilikaa nikiwahesabia hasara wale ndege. Lakini ufundi wake niliuona: hatuonyeshwi ndege hata mmoja. Tunamwona mtangazaji tu, akisimulia hewani anachokiona, sauti ikizidi kumkauka.

Sisi Abagusii wa kutoka Kenya tunaoishi Minnesota, hasa tulioko Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini mwa Minneapolis, vipindi hivi tumevijulia kazini. Wengi wetu tunawahudumia wazee kwenye makao yao. Sikukuu ikikaribia, wenyeji wanataka kuwa kwao na sisi tunataka malipo ya mara moja na nusu, kwa hiyo orodha ya zamu ya Krismasi husomeka kama daftari la washiriki wa kanisa la kwetu Nyaribari. Usiku ule unawapa wazee dawa, unawabadilishia shuka, halafu wale wasiopata usingizi unawasukuma kwa viti vyao hadi sebuleni, penye runinga.

Hapo ndipo nilipokutana na Mary. Kichekesho kinaitwa The Mary Tyler Moore Show, kilirushwa kuanzia 1970 hadi 1977, na hadithi yake inatokea papa hapa Minneapolis. Ukienda katikati ya jiji, kwenye barabara ya Nicollet, utaikuta sanamu ya shaba ya huyo mwigizaji, iliyowekwa mwaka 2002, akiirusha kofia yake hewani. Katika kipindi cha Krismasi cha mwaka wa kwanza wa kichekesho hicho, Mary, anayefanya kazi kwenye chumba cha habari cha stesheni ya runinga, amepangiwa kazi siku yenyewe ya Krismasi. Anakubali kwa shingo upande. Kisha mfanyakazi mwenzake mwenye watoto anakuja kumwomba amshikie zamu ya mkesha pia. Mary hana mume wala mtoto. Atakataa kwa sababu gani? Anabaki peke yake usiku ndani ya jengo tupu, anasikia vishindo, anaingiwa na hofu, kumbe ni bosi wake na wenzake wamekuja kumwondolea upweke.

Mama mmoja pale kwenye makao ya wazee, aliyekuwa mwalimu enzi zake, hunifinya mkono kabla ya vile vishindo, kila mwaka, kana kwamba safari hii huenda akaingia mwizi kweli. Yeye humhurumia Mary. Mimi hucheka mahali ambapo hakuna mwingine anayecheka, pale anapoombwa zamu ya pili. Karibu kila Mgusii wa huku ameombwa zamu hiyo, kwa upole ule ule na swali lile lile: "Wewe huna familia hapa, sivyo?"

Kwetu Keumbu, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, sikumbuki kipindi cha namna hii hata kimoja. Sisemi hatukuwa na vichekesho. Miaka ya 1990 tulikuwa na KBC, runinga ya taifa, na baada ya taarifa ya habari ya saa moja tulingoja Vitimbi au Vioja Mahakamani kwa hamu ambayo hata mahubiri hayakuipata. Runinga yenyewe ilikuwa ya jirani, Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, na umeme wake ulitoka kwenye betri ya gari iliyopelekwa sokoni kwa mkokoteni ikachajiwe. Betri ilipoanza kuchoka, picha ilijikunja kutoka kandokando, na Mzee Ojwang wa Vitimbi akakonda mbele ya macho yetu huku sauti yake ikiwa vilevile. Nje kulikuwa na kijana ameshika mlingoti wa antena. "Hapo! Hapo! Umepitisha, rudisha kidogo!" Yeye ndiye aliyelipa kiingilio kikubwa kuliko sote, maana alisikia kila kitu asione chochote.

Ojwang huyo jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyevaa lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi hadi ikawa ndiyo yake, na mkewe wa kwenye runinga, Mama Kayai, alikuwa Mary Khavere. Wanjau alifariki Julai 2015. Walitupa kila kitu wale wawili: fitina za nyumbani, ubahili, wageni wasiotaka kuondoka. Krismasi tu ndiyo sikumbuki wakitupa. Desemba ya KBC ninayoikumbuka ilikuwa ya serikali: gwaride la Jamhuri tarehe 12, kwaya zikipokezana, na hotuba ya Rais ya kuukaribisha mwaka mpya. Kicheko kilikuwa cha siku za kazi.

Na hata wangetutengenezea kipindi cha Krismasi, kuna miaka ambayo nusu ya kijiji isingekiona. Keumbu, kama sehemu kubwa ya Gusii, ina Wasabato wengi, na kwa Msabato jua likizama Ijumaa runinga inazimwa hadi jua lizame Jumamosi. Krismasi ya 1999 iliangukia Jumamosi. Ile ya 2004 pia, na ya 2010. Kulikuwa na wazee waliofurahi kimyakimya, maana tangu zamani walikuwa wakisema tarehe 25 haimo kwenye Biblia. Kule nyumbani angalau jua lina adabu, huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hapa Minnesota, Desemba, Sabato huanza saa kumi na nusu jioni, na Juni inangoja mpaka saa tatu usiku. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya sisi kuipenda Thanksgiving upesi hivi. Sheria ya 1941 iliifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo haigongani na Sabato kamwe, na hakuna mzee wa kanisa anayeweza kulalamikia shukrani. Bata mzinga wenyewe tunao tele, Minnesota ndiyo inayoongoza Marekani kwa kuwafuga, ingawa kwenye meza zetu huwekwa pembeni kwa heshima huku watu wakimalizana na chapati na mbuzi.

Ila kuna jambo moja la Desemba ya kwetu ambalo hakuna mwandishi wa vichekesho aliyelitumia ipasavyo. Desemba ndio msimu wa jando. Wavulana waliotahiriwa hukaa ndani wakiuguza vidonda, hawatoki, hawatembei ovyo, na zamani zile ilikuwa wazi kwamba hakuna Vitimbi. Basi sisi wadogo tulitoka kwa jirani usiku, tukasimama nyuma ya nyumba yao na kuwasimulia kupitia ukutani. Mmoja alikuwa Ojwang, mwingine Mama Kayai, na binamu yangu mwenye sauti nzito alikuwa kila mtu mwingine, pamoja na mlango. Waliokuwa ndani walitusihi tunyamaze kwa sababu kucheka kuliwauma, kisha wakauliza: "Halafu?" Mengine tuliyaongeza wenyewe. Sina hakika hata leo ni kipi kilitoka KBC na kipi kilitoka kwa binamu.

Kipindi cha pekee cha Krismasi kutoka ng'ambo kilichofika hadi kwetu na kukaa ni cha Mr. Bean, kile cha 1992 ambapo anaingiza kichwa ndani ya bata mzinga kutafuta saa yake na kushindwa kukitoa. Kilifika kwa sababu hakina maneno ya kumzuia mtu. Magokoro wangu, yaani bibi yangu, ambaye hakujua Kiingereza, alikielewa chote isipokuwa yule ndege. Alitaka kujua ni kuku wa aina gani anayemtosha mtu kofia.

Siku hizi stima imefika, na sitalia machozi kwa ajili ya betri. Ninachowaonea Wamarekani wivu ni kabati lao. Waliopanga I Love Lucy mwaka 1951, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, waliamua kukipiga kwa filamu nzuri ilhali vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja na kupotea hewani, na wakajiwekea haki ya umiliki. Kumbe walikuwa wamegundua biashara nzima ya kurudia. Krismasi ya Lucy ya 1956 bado inaonekana. Vitimbi na Vioja Mahakamani vinapatikana YouTube kwa vipande tu, cha mwaka huu kimeungana na cha mwaka ule, bila mpangilio. Mtu akitaka kumwonyesha mwanawe aliyezaliwa Brooklyn Park kipindi fulani, kile hasa alichokitazama akiwa mtoto, atafute weee mpaka aishie kukisimulia.

Nimejaribu kufikiria cha kwetu kingekuwaje, na huwa namrudia Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, marehemu Charles Bukeko, aliyetutoka Julai 2020. Hadithi ilisimama juu ya uongo mmoja: ni askari wa langoni, lakini nyumbani anajifanya mtu wa ofisi kubwa, na kila siku lazima avue sare avae suti. Kama kuna mtu amewahi kuandika maisha ya ng'ambo bila kupanda ndege, ni aliyebuni suti ile. Sasa mpeleke mtu wa namna hiyo Keumbu. Anashuka stendi tarehe 23 na masanduku mawili makubwa, ameshawaambia watu kwamba huko Minnesota yeye ni daktari. Tarehe 24 asubuhi kuna foleni kutoka mlangoni hadi barabarani: magoti, migongo, presha, mzee mmoja amebeba picha ya eksirei ya 2009. Shangazi amejipa kazi ya kugawa nambari na anatoza. Jamaa anachojua ni kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumwumiza na kumlisha uji asipaliwe, naye anajitahidi kuugeuza ujuzi huo kuwa tiba ya goti. Kisha anaingia muuguzi wa kweli, yuko likizo, tena walisoma darasa moja.

Mwandishi yeyote wa Nairobi anayeitaka hadithi hii na aichukue, sidai senti. Naomba tu Mgusii asiwe tena yule wa kufoka kwa lafudhi nzito mpaka watu wacheke kabla hajasema kitu, na kipindi kisipangwe Ijumaa jioni.