Kigurudumu cha Kuvulia: Tukichague kwa Macho au kwa Akili?

Sisi tukaao Kalunguta, katika barabara ya Butembo na Beni, tu watu wa jembe. Twalima mihogo, maharagwe, ndizi na kahawa, wala hatuoni ziwa tukisimama mlangoni petu. Hata hivyo samaki ni mgeni wetu wa siku zote. Watujia kutoka Ziwa Edward, wabichi au waliokaushwa, na siku za Kwaresima kila mama humtafuta sokoni. Vijana wetu nao, wakipata nafasi, hushuka Kyavinyonge kwa jamaa zao; na wale ambao riziki yao iko juu ya malori wafika hata Mombasa, kwenye maji ya chumvi. Basi, wasomaji wapenzi, msishangae tukiwaletea leo maneno machache juu ya chombo cha kuvulia. Yatupasa kujua kununua kwa akili, kwa maana fedha ya mkulima haianguki kutoka mbinguni.

Wazee walivua kwa mshipi wa mkono, ndoana na chubwi, na mpaka leo wengi huvua hivyo. Wala si njia ya kudharauliwa. Lakini mshipi wa mkono hautupwi mbali, na samaki mkubwa akivuta ghafula, ama vidole vya mvuvi hukatwa, ama mshipi wenyewe hukatika. Ndiyo sababu watu walitengeneza kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambacho wasemao Kifaransa hukiita mulinee. Hufungwa chini ya ufito, nacho kina bobini kama ile ya cherehani. Mvuvi anapotupa, bobini haizunguki. Mshipi wachomoka kwenye ncha yake, na kwa hiyo hata chambo chepesi chafika mbali. Akizungusha mkono wa chombo, upinde mdogo wa waya huuzoa mshipi na kuurudisha mahali pake. Hati ya uvumbuzi wa namna hii ilitolewa mwaka 1905 kwa Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford. Aliyezoea kutazama uzi wa sufu ukitoka kwenye bobini kiwandani alikuwa na akili ya kuyapeleka mambo hayo mtoni.

Nyumbani kwetu jambo hili lililetwa na mdogo wetu, ambaye ni utingo wa lori lisafirishalo mizigo kati ya Mombasa na Kasindi, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Lori likingoja mzigo bandarini, siku 3 hupita, pengine 10, na kijana hana kazi. Ninyi wazazi mwajua vema ni mahali gani kijana mwenye mshahara mfukoni huzipitisha siku kama hizo. Huyu wetu alipenda kukaa ufukweni pamoja na wavuvi wa Likoni. Na akija likizo, hushuka Kyavinyonge kwa mjomba, avuaye ziwani kwa ruhusa. Basi siku moja akatupigia simu kwamba ameweka akiba ya dola 60, naye ataka kununua kigurudumu kimoja kitakachomfaa baharini na ziwani pia.

Mwezi ule ule karo ya dada yetu mdogo ilikuwa haijalipwa, na mtihani ulikuwa karibu. Mama hakukasirika, wala hakumkatalia kijana. Alimwuliza neno moja tu: “Mwanangu, chombo hicho kitarudisha nini humu nyumbani?”

Kijana akajibu: “Mama, kitarudisha mboga, tena kitanirudisha mimi mwenyewe na mshahara wangu.”

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Dola 20 ni za dada yako. Hizo 40 zinazobaki, zitumie kwa akili.”

Hivyo bei iliwekwa kabla mtu hajaingia dukani. Na hili ndilo shauri la kwanza tunalowapa wasomaji: anayeingia dukani bila kujua mwisho wa fedha yake, mwenye duka ndiye atakayemwonyesha mwisho huo.

Kesho yake tukaletewa picha mbili kwa simu. Kigurudumu cha kwanza kilikuwa na rangi ya dhahabu, nacho kiliandikwa kwamba kina beringi 13. Bei yake dola 24. Cha pili kilikuwa cheusi, hakina urembo wo wote, beringi 4 tu, na bei yake dola 38. Sisi sote tulielekea kwenye dhahabu. Beringi nyingi kwa fedha kidogo, nani angekataa? Lakini jirani yetu, fundi wa pikipiki, akatazama picha zile akatikisa kichwa. “Niambieni,” akasema, “katika dola 24 hizo, watu walilipa beringi 13, na meno, na rangi, na sanduku, na nauli ya meli. Kila beringi ilibakiwa na senti ngapi? Beringi 4 zilizo njema, mahali panapozihitaji, zashinda 13 za kuhesabiwa tu.” Akatuandikia mambo ya kutazama, na kijana naye akawauliza wavuvi wa Likoni. Maneno yao yalipatana, nasi twayaweka hapa kwa faida ya wote.

La kwanza ni ukubwa. Watengenezaji wengi hutia namba: 1000 ni kidogo kabisa, 2500 na 3000 ni vya kadiri, 4000 ni kikubwa kidogo, 6000 na kuendelea ni vya samaki wazito. Namba hizo hazilingani sawasawa kwa kila mtengenezaji, lakini zaonyesha njia. Kwa tilapia wa ziwani na wa mabwawa yetu ya mabondeni, 2500 yatosha. Tena Ziwa Edward halina sangara, kwa kuwa maporomoko ya mto Semliki yalimzuia kupanda kutoka Ziwa Albert. Lakini mna kambale, na mamba yule samaki mwenye mapafu, ambao waweza kupita kilo 10. (Kwetu Kambale ni jina la mtoto wa pili wa kiume, samaki huyu hana undugu naye, ila wote wawili hawapendi kuvutwa kwa nguvu.) Na pwani yuko kolekole, samaki akimbiaye kama mshale, na changu, na tewa apendaye kujificha mwambani. Mtu mwenye fedha ya kununua kimoja tu, kwa maji yote mawili, achague cha 4000. Kitakuwa kizito kidogo ziwani, lakini hakitaaibika baharini.

La pili ni breki, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Juu ya bobini pana skrubu ibanayo visahani. Samaki akivuta kupita kiasi, visahani huteleza na mshipi hutoka polepole badala ya kukatika. Visahani hivyo huwa vya sufu iliyoshindiliwa au vya kaboni. Vile vya kaboni huvumilia joto zaidi samaki anapokimbia mbali. Breki ipimwe hivi: fungia mshipi mfuko wa maharagwe wa kilo 2, kisha uinue kwa ufito. Breki ikiwa njema, mshipi utatoka taratibu kama mafuta. Ikiwa mbaya, utakwama, kisha utaruka, kisha utakwama tena. Na kule kukwama ndiko kukatako mshipi. Kwa kawaida breki huwekwa iteleze kwa robo au theluthi ya nguvu ya mshipi. Mwenye mshipi wa kilo 6 ataiweka kati ya kilo moja na nusu na kilo 2.

La tatu ni mwili wa chombo. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na chumvi haina huruma kwa chuma. Mwili wa plastiki iliyochanganywa na grafiti haupati kutu, tena ni mwepesi na wa bei nafuu; lakini ukivutwa sana hupinda kidogo, na meno ya ndani huacha kukutana sawasawa. Mwili wa alumini haupindi upesi, lakini rangi yake ikikwaruzwa chumvi huula. Mtu ashike chombo mkononi, azungushe polepole karibu na sikio. Akisikia mchanga ndani, au mkono ukicheza huku na huku, akirudishe. Atazame pia kile kiroda kidogo kwenye upinde wa waya, mahali mshipi unapopita. Kama hakizunguki, kitachimbwa na mshipi na kuukata. Mwendo usimsumbue sana: vingi huzungusha upinde mara 5 au 6 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, na hiyo yatosha kwa kazi zote mbili.

La nne ni spea. Jina la mtengenezaji ajulikanaye si mapambo tu. Shimano wa Sakai, Ujapani, walianza mwaka 1921 kwa kutengeneza vifaa vya baiskeli. Penn walianza Philadelphia, Marekani, mwaka 1932. Vyombo vya makampuni kama hayo vina namba za vipande, na mtu aweza kuagiza springi ya upinde badala ya kutupa chombo kizima. Kila mmoja wao hutengeneza vya mamia ya dola na vya dola 30 au 60 vilevile. Ila tuangalie vya bandia: jina lililoandikwa vibaya, au bei ya ajabu, ni dalili ya kutosha.

Juu ya mshipi, tuseme kwa kifupi. Nailoni ni rahisi na hunyumbuka. Yafaa sana ziwani. Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba zaidi kwa nguvu ile ile, na mwingi waingia katika bobini, lakini matumbawe huukata upesi. Kwa hiyo wavuvi wa pwani huunga mbele yake kipande cha nailoni nene.

Basi kijana alinunua cheusi. Dola 2 zilizobaki alinunulia mshipi wa nailoni na ndoana. Mwenzake wa lori lingine alichukua kile cha dhahabu, nacho kilikwama kwa chumvi kabla mwaka haujaisha. Hatusemi hivyo kumcheka. Alichagua kama ambavyo sisi wenyewe tungechagua bila fundi wetu. Cheusi sasa kina miaka 3, na bado chazunguka. Tukigawanya bei yake kwa miaka hiyo, yapungua dola 13 kwa mwaka, na kila mwaka utakaoongezeka utaishusha zaidi. Wahenga walisema: rahisi ghali. Nasi twaongeza kwamba ghali nayo yaweza kuwa rahisi, mradi chombo kidumu.

Hakidumu kwa ubora wake tu, bali kwa matunzo. Akitoka baharini, mdogo wetu hukaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye visahani, kisha hukinyunyizia maji baridi kwa upole. Hakitumbukizi ndooni, kwa maana maji yenye nguvu hupeleka chumvi na mchanga ndani. Hukipangusa, hukianika kivulini, kisha hulegeza breki ili visahani visibanwe mpaka siku nyingine. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kiroda na kwenye mkono, grisi kidogo kwenye meno mara moja kwa mwaka, basi. Kitunze kikutunze.

Lipo neno jingine kwa vijana wetu wanaoshuka ziwani. Maji ya Ziwa Edward upande wa Kongo yamo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Uvuvi una vituo vyake vilivyokubaliwa, yaani Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, na mahali samaki wanapozalia hapavuliwi. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ana ufito mmoja tu, sheria haimhusu. Aombe ruhusa kituoni kwanza. Mvuvi wa ndoana ana heri hii, kwamba aweza kumrudisha majini samaki mchanga akiwa hai. Nyavu za macho madogo na vyandarua humaliza watoto pamoja na wazazi, na kesho hakuna wa kuvuliwa. Akirudisha mdogo, amewekea akiba watoto wake mwenyewe.

Huenda msomaji atasema: “Mimi sivui, maneno haya yanihusu nini?” Yakuhusu, ndugu. Leo ni kigurudumu, kesho ni cherehani, au pampu ya kunyunyizia dawa shambani, au baiskeli ya mtoto wa shule. Katika maduka ya Butembo vitu vya namna hiyo vimejaa kutoka pande zote za dunia, vyema na vibaya vikikaa ubavu kwa ubavu. Weka mwisho wa fedha yako nyumbani, mbele ya wale watakaokosa kitu ukikosea. Uliza kazi ya chombo kabla ya rangi yake. Mtafute anayejua kukitengeneza, umsikilize kabla ya anayejua kukiuza. Kipime kwa mkono wako. Na ukiisha kukinunua, kitunze.

Dada yetu alifanya mtihani wake, naye alishinda. Mwaka huu, mdogo wetu alipokuja likizo, alimpeleka Kyavinyonge kwa mjomba, akamfundisha kutupa mshipi. Msichana alimwuliza mjomba ruhusa ya kuvua imekatwa mpaka lini, kabla hata ya kushika ufito. Na mjomba akacheka, akasema huyu ndiye atakayeachiwa mtumbwi.