P9 ya mjomba na kosa langu la asilimia 5

Leo naweka kando habari za seva na simu mpya, maana nina kosa la kuungama.

Mwezi wa tatu nilikuwa nyumbani Naitiri, wakati watu wanalima wakingoja mvua ya kupanda mahindi. Mjomba wangu akaja na bahasha. Yeye ni nyapara katika shamba moja upande wa Kitale, na mkataba wake unamtaka aishi humo humo shambani. Ndani ya bahasha mlikuwa na P9 yake ya mwaka 2025, ile fomu ambayo mwajiri humpa mfanyakazi ili ajaze ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni.

"Mpwa wangu, si wewe ndiwe mtu wa kompyuta? Nisomee hizi A, B, C. Mshahara wangu ni elfu arobaini, hapa wameandika arobaini na sita. Hizo sita amekula nani?"

Swali zuri. Tukaanza kusoma safu moja moja.

A ni mshahara wenyewe: 40,000. B ni marupurupu yasiyo pesa taslimu. Yakiwa hayazidi shilingi 5,000 kwa mwezi hayatozwi kodi (kabla ya mabadiliko ya Desemba 2024 kiwango kilikuwa 3,000). Kwa mjomba palikuwa na sifuri. C ni thamani ya nyumba anayopewa na mwajiri: 6,000. D ni jumla ya hizo tatu: 46,000. Kwa hiyo elfu sita hakuna aliyezila. KRA huihesabu nyumba kama sehemu ya malipo, hata kama hujawahi kuishika mkononi.

E imegawanywa mara tatu na huwachanganya wengi. E1 ni asilimia 30 ya mshahara, E2 ni akiba ya uzeeni uliyokatwa kweli, E3 ni kikomo cha sheria, sasa 30,000 kwa mwezi. Inayopunguza kodi ni ile ndogo kuliko zote. Kwa mjomba ni E2, yaani 2,400 za NSSF.

"Sawa," akasema. "Lakini hiyo elfu sita ya nyumba mliipataje? Nyumba yenyewe mabati yanavuja."

Hapo nikanyamaza. Alisema "mliipataje" kwa sababu anajua programu ya mishahara ya shamba lile niliiandika mimi, ikaanza kazi Januari 2025. Nikafungua laptopu, nikauona mstari wenyewe:

nyumba = mshahara * 0.15

Asilimia 15 kwa kila mtu. Nikaisoma tena Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 5. Mfanyakazi wa kawaida ni asilimia 15, au kodi ya nyumba anayolipa mwajiri ikiwa ni kubwa zaidi. Lakini mfanyakazi wa kilimo ambaye mkataba unamlazimu kukaa shambani ni asilimia 10. Safu C ya mjomba ilipaswa kuwa 4,000.

Tofauti ni 2,000 kwa mwezi. Mapato yake hata baada ya makato yako katika ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo alikatwa 600 za ziada kila mwezi. Kwa mwaka ni 7,200. Kwa mtu wa Naitiri hiyo si pesa ya kusahau, hiyo ni mbolea.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeipima ile programu. A na B na C zilijumlika zikatoa D, kila mwezi, bila hitilafu. Nilihakikisha hesabu inakubaliana na yenyewe, sikuuliza kama inakubaliana na maisha ya mtu.

Nilimpigia mwajiri simu jioni hiyo hiyo. Nimeongeza swali moja katika programu, "Je, mkataba unamtaka akae shambani?", na mwajiri amerekebisha P10 za miezi yote 12 na kutoa P9 mpya kwa wote walioguswa. Mjomba atajaza ritani kwa hiyo mpya na kudai zilizozidi.

Nawe ukipewa nyumba kazini, usiangalie jumla tu. Angalia C, uliza imepatikanaje. Aliyeandika programu huenda hajawahi kulala humo.

Haya, tuonane wiki ijayo.