Wachunguzi wa Homa ya Mafua

Sisi watu wa Sibwesa hatuyaogopi mafua. Mtu akikohoa siku tatu twasema ni vumbi la kiangazi, naye hupewa maji ya moto akalala. Wazee wetu waliyaogopa, nao walikuwa na sababu. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake pale Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Askari wake zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi, wakapelekwa Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, wakapakiwa melini wakapita juu ya ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, kisha kwa gari la moshi hata Tabora. Wengi waliookoka risasi kwa miaka minne wakafa kambini kwa mafua. Ugonjwa ule uliua mamilioni ya watu duniani, wala hapakuwa na tabibu aliyejua kwa hakika unaletwa na nini.

Jambo hilo lilijulikana mwaka 1933, huko London. Mabwana watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walichukua maji waliyosukutulia koo wagonjwa, wakayachuja hata bakteria wote wakabaki nyuma, wakayatia puani mwa feret, mnyama mdogo wa jamaa ya kicheche. Wanyama wale wakashikwa na mafua. Basi kilichopita katika chujio kilikuwa kidogo kuliko bakteria, yaani virusi. Mwaka 1936 feret mmoja mgonjwa alimpigia chafya usoni daktari kijana, Charles Stuart-Harris, naye akaugua, na virusi vikaonekana kooni mwake. Twadhani hakuna shahidi aliyepata kusemwa waziwazi kuliko yule mnyama!

Mwaka huohuo wa 1936, Entebbe katika Uganda, shirika la Rockefeller la Marekani lilianzisha chuo cha kuchunguza homa ya manjano. Ndicho kiitwacho leo Taasisi ya Uchunguzi wa Virusi ya Uganda. Huko ndiko alikofanya kazi Daktari Julius Lutwama, mkuu wa idara ya virusi vienezwavyo na mbu. Mtu angedhani kwamba mwenye mbu hana habari na mafua. Lakini yeye na wenzake waliweka ulinzi wa mafua katika zahanati na hospitali za Uganda, na habari zao za miaka 2007 hata 2010 zikachapishwa mwaka 2012. Tanzania nayo ilianza ulinzi kama huo mwaka 2008.

Ulinzi huo ni kazi isiyo na fahari. Mgonjwa mwenye homa na kikohozi hupanguswa puani na kooni kwa kijiti chenye pamba. Kijiti hutiwa katika kichupa chenye maji maalumu, na kichupa katika sanduku la barafu. Njia ikiwa mbovu na barafu ikayeyuka, kazi yote imepotea; wanaoijua njia ya kwetu wakati wa masika watafahamu. Katika maabara chembe za urithi za virusi huzidishwa kwa mashine mara nyingi mno hata zikaonekana. Kisha virusi vingine hupelekwa London, Atlanta na vituo vingine vichache, vikalinganishwa na vile vya mwaka uliopita. Kwa maana virusi vya mafua hubadili sura, na kinga ya jana haivitambui leo. Kwa hiyo wataalamu hukutana mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, wakachagua ni vipi vitiwe katika chanjo ijayo.

Na chanjo yenyewe, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa katika mayai ya kuku! Kila mama wa hapa ajua kuwa yai lililoatamiwa huanguliwa siku ya 21. Watengenezaji hulichukua likiwa na siku 10 au 11, wakaingiza virusi kwa sindano, vikaongezeka humo, wakavitoa na kuviua. Kazi hiyo yote yachukua kama miezi sita. Ndiyo sababu ya haraka ya kupata habari mapema, hata kutoka vijijini.

Ndege nao huchunguzwa, kwa kuwa mafua ya ndege huweza kuwarukia watu. Januari 2017 ndege wengi wa mwituni walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na maabara ikatambua mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Sisi ambao kuku wetu hulala chini ya paa moja nasi, na kuku akifa ghafula huingia chunguni, habari hiyo yatuhusu.

Wako wasemao kwamba wenye vijiti vya pamba ni mumiani waliobadili vyombo. Hao twaweza kuwaonyesha kijiti na kichupa. Lakini mama mmoja alituuliza neno gumu zaidi: "Mwalimu, wakichukua cha puani mwa mwanangu, yeye atapata nini?" Si swali la kijinga. Mwaka 2007 serikali ya Indonesia ilikataa kutoa virusi vyake vya mafua ya ndege, ikisema hutolewa bure na maskini, kisha chanjo huuzwa kwa bei wasiyoiweza. Kwa maoni yetu kuficha virusi kulikuwa hatari kwa watu wote, hata kwa Waindonesia. Lakini manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Mwezi wa Mei 2011 mataifa yalipatana huko Geneva kwamba virusi viwezavyo kuleta mafua ya dunia nzima vitolewe, na watengenezaji wavipokeao watoe fedha, na wakati wa hatari sehemu ya chanjo au dawa kwa nchi zenye uhitaji.

Tulimweleza mama yule mambo haya. Wala hatukumficha kwamba chanjo ya mafua haimo katika chanjo za kawaida wapewazo watoto wetu kliniki. Akasikiliza hata mwisho, akauliza kama kijiti kile huumiza. Tukamwambia huwasha kidogo, na mtoto hupiga chafya.