Bariadi na Mji Usioonekana

Mwenye kutoka Mwanza kwenda Bariadi hushika barabara ya Musoma, akapita Magu, ziwa likiwa mkono wake wa kushoto, hata afike Lamadi karibu na mbuga ya Serengeti. Hapo huiacha barabara hiyo akageuka mkono wa kuume, na tangu hapo ni nchi ya ng'ombe wengi na mashamba ya pamba mpaka macho yachoke. Hiyo ndiyo Simiyu, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, na Bariadi ndio mji wake mkuu. Wenyeji wengi ni Wasukuma, watu wakarimu. Ukiwaamkia asubuhi kwa neno lao, "mwangaluka," hukosi kiti cha kukalia.

Wataalamu wa elimu ya jamii wana neno lao, utandawazi. Bwana Anthony Giddens wa Uingereza aliandika mwaka 1990 kwamba maana yake ni watu wa mbalimbali kufungamana, hata jambo la kijijini likaamuliwa na jambo lililotokea mbali mno. Mkulima wa Bariadi hakuhitaji kusomeshwa hayo. Mwaka 2019 pamba ilitangaziwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo. Wakati ule Marekani na China walikuwa wakivutana katika biashara, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingojea fedha zao. Siku hizi kijana akaaye kando ya pamba yake huijua bei ya dunia kwa simu siku ile ile. Lakini kuijua bei si kuipanga. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania nzima, na Bariadi isiyo na bahari ikazorota pamoja na wenye bahari.

Ama jambo nililotaka kuwahadithia hasa ni Gamboshi. Kijiji hiki kimo katika wilaya ya Bariadi, na jina lake limevuma nchi nzima kuwa eti ndiyo makao makuu ya wachawi. Husemwa kwamba mchana ni kijiji, na usiku ni mji wa maghorofa na taa kama Ulaya, ila hauonekani na kila mtu. Zamani hadithi hii ilikwenda kwa miguu, kwa mabasi na kwa minada ya ng'ombe, na ilipofika mbali ilikuwa imekwisha choka. Sasa imepata mbawa. Hutiwa katika YouTube na WhatsApp pamoja na picha ya mji mwingine kabisa, na Mswahili aliyeko Maskati huipata kabla ya jirani wa Gamboshi mwenyewe.

Mimi nimelala huko. Niliona nyumba za matofali na za udongo, ng'ombe zizini, na watu waliochoka na kazi ya shamba. Usiku ulipoingia ulikuwa usiku, wenye giza na mbwa wabwekao. Mwanga uliozidi mwingine ulikuwa wa simu za vijana waliokaa chini ya mti. Mwenyeji wangu, mzee wa maneno machache, aliniuliza: "Maalimu, taa hizo zingekuwako, mimi ningenunua tochi?"

Hadithi ya namna hii si ngeni katika vitabu vyetu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, aliitaja hadithi ya Iram, eti mji wa majumba ya dhahabu na fedha uliofichika jangwani, usioonekana ila na wenye sihiri na riadha. Akaikataa. Alitaka mtu, kabla ya kumwangalia msimulizi, alipime jambo lenyewe: je, laweza kuwa, kwa tabia ya maisha ya watu? Na aliokuwa akiwalaumu ni wanachuoni wakubwa. Wao kuinakili hadithi moja kuliwagharimu wino na usiku. Sisi twainakili kwa kidole.

Wala si mchezo. Katika nchi ya Wasukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi mara nyingi ulikuwa macho mekundu, nayo ni macho yaliyoiva kwa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachopikiwa pale kuni zikosekanapo. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino nao waliuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa uvumi kwamba viungo vyao huleta mali. Mwenye kuipeleka mbele picha ya Gamboshi huku akicheka, hajui itaangukia mlango wa bibi gani. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha kuihakikisha habari ya mtu asiyeaminika. Ugumu wa leo ni kwamba mletaji si fasiki tumjuaye. Ni shangazi, ni rafiki wa shule, ni mtu tumpendaye, naye aliipokea kwa ampendaye.

Kijana mmoja wa huko alinionyesha filamu aliyoipiga mwenyewe kwa simu: watoto wakienda shule, na mama yake akichuma pamba. Aliitia mtandaoni ili watu wapaone kwao. Walioitazama walikuwa wachache, na wawili kati yao wakamwandikia kumwuliza, mji wenyewe uko wapi? Aliwajibu wote wawili: ndio huu.