Moto Upo Ila Hauna Nguvu

Ukitaka kujua kijiwe cha bodaboda Ifakara kinaendaje, usiwaulize wenyewe. Watakwambia hali ngumu hata siku waliyopata. Wewe hesabu taa. Pikipiki yenye spoti mbili kubwa mbele ni ya mtu anayepigiwa simu usiku. Yenye utepe wa taa za rangi chini ya tenki na redio ya flashi chini ya siti ni ya kijana ambaye bado hajaoa. Hapo natania, ila kidogo tu. Halafu kuna ile yenye chaja ya simu kwenye usukani, na hiyo siku hizi ni karibu kila moja, maana bodaboda ambaye simu yake imezima ni sawa na duka lililofungwa.

Kaka yangu alikuwa na vyote vitatu. Tena vyote vilikuwa vimeungwa kwenye waya mmoja.

Mimi nasoma ualimu hapa chuoni, fizikia na hisabati, mwaka wa tatu. Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani kwa ajili ya fildi, shule moja ya sekondari huko huko bondeni, na mada niliyopewa kidato cha tatu ilikuwa umeme. Asubuhi nafundisha umeme ubaoni, jioni namkuta kaka amechuchumaa kando ya pikipiki anachokonoa waya, spoti zinawaka zikijisikia. Wiki ya pili nikamwambia, kaka, tuifungue yote tuisuke upya. Akaniangalia kama mtu anayeangalia daktari wa mwaka wa kwanza.

Kwa asiyelijua bonde letu, hizi taa si urembo. Daraja la mto Kilombero, lile la mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake kuvuka ilikuwa ni pantoni. Sasa mtu wa Lupiro akizidiwa saa nane usiku hangojei chochote, anapigiwa bodaboda. Upande wa Mlimba barabara ni ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na ukishaiacha Ifakara giza linakuwa giza kweli kweli, mashamba ya mpunga kulia na kushoto. Upande wa Mang'ula tembo wana njia zao za kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, na tembo hana rifleka. Taa kubwa ya kiwandani inakuonyesha shimo ukiwa tayari umo ndani yake.

Kuna jambo la taa hiyo ambalo wengi wanaoendesha wanalijua kwa macho bila kuambiwa sababu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haili betri kabisa. Inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili zinazozungukwa na sumaku ya mashine, ndiyo maana ukiwa kwenye sailensa inafifia na ukivuta mafuta inang'aa. Sasa fikiria uko kwenye tope, unakwenda gia ya kwanza polepole, mahali unapohitaji kuona kuliko kokote. Ndipo taa inapolala. Na kaka alikuwa amechukua moto wa spoti kwenye waya huo huo wa taa kubwa. Zikawa tatu zinazolala pamoja.

Tulianza kwa kupima. Nilikuwa na mita ndogo ya dijitali niliyoinunua kwa hela ya bumu, na watu wa kijiweni walikuja kuangalia dada mwenye mita kama wanaangalia mpira. Spoti moja, kasha lake limeandikwa wati 60. Mita ikasema ampea 1.1 kwenye volti 12.4. Zidisha mwenyewe: haifiki hata wati 14. Kijiwe kizima kikacheka, mwenzao mmoja aliyezinunua nne akanyamaza. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine, kwamba mzigo ni mdogo kuliko tulivyoogopa. Spoti mbili, ampea 2.2. Redio karibu moja. Chaja ya simu karibu moja. Utepe wa rangi nusu. Jumla ampea 4.7, na betri ni ya ampea 5 kwa saa. Maana yake ukizima mashine ukaacha vyote vinawaka kijiweni huku mnacheza bao, kwa hesabu unayo saa moja hivi, na betri iliyozeeka haifiki hata hapo.

Betri ya pikipiki haizalishi kitu, inatunza tu. Kinachozalisha ni mashine ikizunguka, na kwenye hizi za cc 125 na 150 kinachobaki baada ya matumizi ya pikipiki yenyewe ni kidogo. Zile pikipiki kubwa za watalii wanaozunguka Afrika, ambazo mara moja moja zinapita njia ya Mikumi, zina jenereta za mamia ya wati. Wenyewe wanafunga mpaka glavu za kupasha mikono joto. Sisi tuna mshahara wa kibarua na matumizi ya waziri. Mwanafunzi anayelijua bumu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo tuliwasha mashine, nikaweka mita kwenye vichwa vya betri, tukawasha kitu kimoja kimoja. Bila kitu, kwenye mwendo wa kawaida, volti 14.1. Spoti, 13.5. Chaja, 13.2. Redio na utepe wa rangi, 12.5, na hapo betri haipokei tena, inatoa. Sikumwambia kaka aondoe nini. Alitazama namba zikishuka, akachukua koleo akakata utepe mwenyewe. Redio ilimchukua siku mbili.

Kilichotugombanisha ni fyuzi. Pikipiki yake haikuwa na fyuzi, ilikuwa na kipande cha waya mahali pa fyuzi, kama pikipiki nyingi tu pale kijiweni. Nilipomuuliza alisema, "Fyuzi inakata. Ikinikatia Mbingu saa nane usiku nina mgonjwa nyuma, wewe utakuwa umelala hosteli." Wenzangu wa fizikia mnaweza kumcheka, mimi sikumcheka. Kwenye kitabu fyuzi inalinda mali na maisha. Kwenye pikipiki ambayo kila kitu kimepita kwenye fyuzi moja, chaja ya simu ya shilingi elfu tano ikilowa inakuzimia taa, na taa ikizima kwenye lile giza maisha hayajalindwa hata kidogo. Alikuwa anachagua hatari ipi aibebe, na alikuwa amechagua waya uungue polepole.

Tulikubaliana hivi. Taa kubwa iachwe kama ilivyotoka kiwandani, isiguswe. Kutoka kwenye betri utoke waya mmoja mnene wenye fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, uingie kwenye rilei, mguu namba 30. Mguu wa 87 utoe moto kwenda kwenye kiboksi kidogo cha fyuzi, na humo kila kitu kiwe na yake: spoti ampea 5, chaja 2, redio 2. Mguu wa 86 upate moto wa swichi ya ufunguo, 85 uende bodi. Ufunguo ukizimwa, vyote vinakufa, hakuna kuisahau redio. Chaja ikipiga shoti, inakufa peke yake. Kaka alilirudia hilo la mwisho mara mbili, kisha akasema sawa.

Kazi yenyewe tuliifanyia kwa fundi mmoja karibu na stesheni ya TAZARA, mzee ambaye kaka anamwamini kuliko ninavyowaamini wahadhiri wangu. Nilimwamkia shikamoo nikamwomba nafasi chini ya mwembe wake, akaniruhusu kwa sharti kwamba asione tepu ya dukani kwenye kiungo hata kimoja. Tepu, anasema, ikipata joto la mashine inatoa gundi, vumbi linaingia, masika maji yanafuata, na shaba inaota kutu ya kijani. Yeye analehemu, anapaka grisi, anafunga kwa ukanda wa tyubu ya tairi uliovutwa mpaka unajishika wenyewe. Kwenye shingo ya usukani anaacha waya ulegee kama kitanzi, kwa kuwa usukani unageuka mara elfu kwa siku na waya uliokazwa unakatikia hapo, ndani ya ganda, usione kitu. Na kila waya unaoingia kwenye boksi anaushusha chini kwanza ndipo aupandishe, ili maji yadondokee njiani yasiingie nao. Mambo haya sijayaona kwenye moduli yoyote.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo naliwaza mpaka leo. Spoti ya kushoto ilikuwa haiwaki. Nikaweka mita kwenye waya wake: volti 12.2. Nikasema moto upo, taa ndiyo mbovu. Fundi hakubishana. Alichukua testa yake, ambayo ni balbu ya indiketa iliyoungwa nyaya mbili, akaigusisha pale pale mita ilipokuwa. Haikuwaka. Tukabaki tunaangaliana, mita inasema 12.2, balbu imelala. Mzee akasema, "Moto upo, ila hauna nguvu."

Akauvuta ule waya kwa vidole taratibu mpaka ukakatikia mkononi mwake. Ndani nyuzi zote zilikuwa zimeliwa na kutu, umebaki uzi mmoja. Mita, kwa sababu haili karibu umeme wowote, ilikuwa inaridhika na uzi huo mmoja. Balbu inakula, na ilipotaka kula, volti zote zikaishia kwenye kutu njiani. Vifaa vyote viwili vilisema kweli. Ohm aliandika jambo hili mwaka 1827, na mimi nimelifanyia mitihani mitatu. Mzee analisema kwa maneno matano.

Kijiweni neno "moto" linabeba kila kitu, volti, ampea na wati. Tunafundishwa kwamba huo ni uchanganyaji wa dhana na mwalimu mzuri ausahihishe. Lakini "upo ila hauna nguvu" si mchanganyo. Ni tofauti ile ile ninayotakiwa kuifundisha, na imesemwa kwa Kiswahili na mtu mwenye kutu mkononi.

Jumatatu nikaenda darasani na betri kuukuu, testa na kile kipande cha waya. Mwalimu wangu wa usimamizi alikaa nyuma. Andalio la somo lilikuwa kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, na sentensi mbili za kwanza nilizisema kwa Kiingereza, wanafunzi wakaniangalia kwa ile adabu ya mtu anayesubiri mvua ikatike. Kisha nikasema maneno ya fundi. Mvulana mmoja wa dawati la mwisho, ambaye wiki mbili nzima hakuwahi kunyoosha kidole, alisema hata hajanyoosha: "Waya umeliwa ndani." Anashinda gereji Jumamosi. Aliwaeleza wenzake sababu, vizuri kuliko nilivyopanga kueleza mimi. Kwenye jaribio la Ijumaa, swali hilo hilo kwa Kiingereza, aliacha nafasi wazi. Chini yake alichora mchoro wa saketi ulio sahihi kabisa, bila neno hata moja. Swali lilitaka maelezo. Nilimpa maki, na msimamizi akaniuliza nimezitoa wapi.

Sina jibu la kitaifa la suala la lugha ya kufundishia, na ninajua mjadala huo umewachosha wengi humu chuoni. Nina mchoro tu. Nimeutunza.

Kaka yangu aliishia kidato cha pili. Hatukuwa na uwezo wa kusomesha wawili na yeye ndiye mkubwa, habari imeishia hapo. Hela ya chumba changu inatoka kwenye safari za Lupiro na Mbingu. Jioni ile tunamalizia, ameshika ukanda wa tyubu, mimi namweleza kwa nini mita na balbu vilitofautiana, aliniuliza, "Hii ndiyo ile mada ya voltimita?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu. Aliendelea kufunga ule mkanda, akakaza, akakata ncha kwa meno, akaniambia nishike tochi vizuri.

Spoti tulizielekeza chini, zipige barabara na si macho ya anayekuja. Hilo kijiwe kizima kingelifanya tungepona wengi.

Mwezi wa nne mwaka huu, mvua ikiwa imefunga, alimtoa mama mjamzito upande wa Mbingu mpaka hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Alinipigia asubuhi, si kwa ajili ya mama, ambaye alishajifungua salama. Simu yake ilikuwa imebaki asilimia nne na chaja haifanyi kazi. Nikamwambia afungue kiboksi. Fyuzi ya 2 ilikuwa imekatika, tundu la chaja limejaa maji. Nikamuuliza, na taa? "Taa mbona zimewaka njia nzima," akasema, kama vile nimeuliza swali la ajabu.

Sasa anataka honi ya basi. Nimemwambia apime kwanza inakula ampea ngapi. Mita nilimwachia yeye.